Kushea diski nzima kwenye mtandao wa nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya nyumba ya kawaida: kompyuta mbili au tatu, nyingi za Windows 10 na 11, labda Mac moja, ruta moja sebuleni, na diski moja iliyojaa picha, filamu na kazi za miaka mingi ambayo kila mtu anaihitaji. Majina ya menyu yameachwa kama yanavyosomeka kwenye Windows ya Kiingereza, maana ndiyo iliyomo kwenye kompyuta nyingi za huku.

## Kushea diski nzima kuna tofauti gani na kushea folda moja?

Kwa Windows, diski ni folda iliyo juu ya folda nyingine zote, kwa hiyo njia ni ile ile. Kinachobadilika ni upana. Ukishea folda ya picha, wengine wataona picha. Ukishea D: nzima, wataona kila kilichomo leo na kila utakachokiweka kesho, hata siku utakayokuwa umesahau kwamba D: iko wazi. Watu hupenda kushea diski nzima kwa sababu wanaifanya kazi hiyo mara moja na kuachana nayo. Sababu hiyo hiyo ndiyo inayofanya kazi hiyo itake uangalifu.

Diski yenyewe haihami. Kompyuta iliyo nayo ndiyo inayosoma na kuandika. Nyingine zinaomba tu. Lugha ya maombi hayo inaitwa SMB. Ilianzia IBM mwaka 1983, Microsoft wakaikuza, na leo Mac na Linux nazo zinaielewa. Upande wa Linux kazi hiyo hufanywa na Samba, programu ya bure iliyoanzishwa na Andrew Tridgell wa Australia mwanzoni mwa miaka ya 1990.

## Bando langu litaliwa?

Hapana. Faili linatoka kompyuta moja, linapita kwenye ruta, linaingia kompyuta nyingine. Haligusi mnara wa simu wala waya wa intaneti. Ruta iliyoishiwa kifurushi inafanya kazi hii vizuri kabisa, na hata ile isiyo na laini ndani. Kwa dharura hotspot ya simu pia inafaa, na simu nyingi zinakubali kuiwasha huku data imezimwa.

Mtego upo sehemu moja: OneDrive. Windows 11 hupenda kusawazisha Desktop na Documents na akaunti yako ya mtandaoni. Ukinakili video za harusi kutoka kwenye diski iliyoshewa ukaziweka Desktop, safari ya kwanza ni ya bure, ila OneDrive itaanza kuzipakia juu kimya kimya, na hapo ndipo bando litakapokwenda. Nakili kwenye folda isiyosawazishwa.

## Nishee C: au D:?

D:, au diski ya nje. C: usiishee, na hapa sina "inategemea".

Ndani ya C: kuna Windows yenyewe, lakini hilo si tatizo kubwa kuliko yote. Tatizo ni folda ya Users. Humo kuna kila akaunti ya kila mtu anayetumia kompyuta hiyo, na ndani ya kila akaunti kuna folda iliyofichwa iitwayo AppData, ambamo vivinjari huweka nywila zilizohifadhiwa na vidakuzi vinavyokuwezesha kufungua barua pepe bila kuulizwa chochote. Sehemu ya vitu hivyo imefungwa kwa usimbaji, sehemu nyingine haijafungwa. Mtu anayeshea C: kwa nia ya kugawana nyimbo anaweza kuwa ametoa na hayo yote, bila kujua kwamba yapo.

Jambo la pili: Windows haitakubali kwa urahisi. Utashea C:, utafungua upande wa pili, na nusu ya folda zitakukatalia. Hapo ndipo watu hupata ushauri wa kubadilisha umiliki wa C: nzima na kumpa "Everyone" ruhusa kamili. Usifuate ushauri huo. Ruhusa zile ndizo zinazoizuia programu yoyote mbovu kuandika juu ya mafaili ya mfumo, na ukishazivuruga kuzirudisha zilivyokuwa ni kazi inayoishia mara nyingi kwenye kusakinisha Windows upya.

Laptop yako ina C: peke yake? Nyingi zinauzwa hivyo. Tengeneza folda moja, tuseme C:\Nyumbani, hamishia humo unavyotaka kugawana, ushee hiyo. Ukitaka D: ya kweli, Disk Management ina "Shrink Volume" inayokata kipande cha C: kilicho tupu, nacho ukakiita D:. Hifadhi kwanza nakala ya vitu vya muhimu mahali pengine.

## Nimesikia C: tayari imeshewa kwa siri. Ni kweli?

Ni kweli. Windows ina njia za wasimamizi ziitwazo C$, D$ na kadhalika. Alama ya dola mwishoni ndiyo inayozificha. Kwenye kompyuta za nyumbani haziingiliki kirahisi, kwa sababu tangu Windows Vista akaunti ya kawaida ya msimamizi inapokuja kupitia mtandao huvuliwa mamlaka yake. Kuna maelekezo yanayokuonyesha namna ya kubadilisha rejista (Registry, hazina ya mipangilio ya Windows) ili uzifungue. Ukiwa na D: iliyoshewa vizuri huna haja nazo.

## Basi nifanyeje, hatua kwa hatua?

Anza na mtandao wenyewe. Fungua Settings, nenda Network & internet, bonyeza mtandao uliounganishwa, uchague Private. Ukiuacha Public, kompyuta inajificha kana kwamba uko mgahawani, na kila utakachofanya baadaye hakitaonekana. Kisha kwenye Advanced sharing settings washa Network discovery pamoja na File and printer sharing.

Sasa tengeneza akaunti ya kushea. Watu wengi huiruka hatua hii, nao ndio wanaorudi na maswali yaliyo hapa chini. Kwenye kompyuta yenye diski, ongeza akaunti ya ndani isiyo na mamlaka ya msimamizi, uipe jina kama "familia" na nywila ya kweli. Wote nyumbani wataingia kwenye diski kwa akaunti hiyo, na nywila yako binafsi itabaki yako.

Baada ya hapo fungua This PC, bonyeza D: kwa kitufe cha kulia, chagua Properties, kisha Sharing, kisha Advanced Sharing. Weka tiki kwenye "Share this folder". Jina la kushea lisiwe na nafasi ndani yake, Diski_D linatosha. Bonyeza Permissions. Utakuta Everyone ana ruhusa ya Read. Mwondoe Everyone, mweke "familia", halafu uamue kama anasoma tu au anaandika pia. Kwa diski ya filamu na picha za zamani, kusoma tu kunatosha. Pakiwa na haja ya kupokea vitu kutoka kwa wengine, tengeneza folda moja ya mapokezi, uishee peke yake kwa jina lake, na ruhusa ya kuandika iwe huko tu.

Kwenye kompyuta nyingine fungua File Explorer na uandike kwenye upau wa anwani mikwaju miwili ya nyuma, jina la kompyuta yenye diski, mkwaju mmoja, na jina la kushea: \\SEBULENI\Diski_D. Ukiandika jina na nywila ya "familia" utaingia. Ukitaka diski ionekane kila siku kama yako, tumia "Map network drive" na uipe herufi, kwa mfano Z:.

## Nimetoa ruhusa zote lakini bado naambiwa sina ruhusa

Kuna ruhusa za aina mbili, kama geti la nje na mlango wa sebuleni: kupita geti hakukupi ufunguo wa mlango. Ile uliyoitoa kwenye Sharing ni geti. Mlango ni kichupo cha Security, yaani ruhusa za NTFS, mfumo ambao Windows hupangia mafaili, zilizoandikwa kwenye diski yenyewe. Mbili hizo zikitofautiana, iliyo kali zaidi ndiyo inayoshika. Nenda Security, bonyeza Edit, mwongeze "familia" na umpe Read au Modify.

Tatizo hili huwapata zaidi wenye diski iliyotolewa kwenye kompyuta ya zamani. Katika Security utaona msururu wa namba unaoanza na S-1-5 badala ya jina la mtu. Huyo ni mwenye akaunti kwenye Windows ambayo haipo tena. Kwenye diski ya data kama hiyo kubadilisha umiliki ni sawa kabisa. Katazo langu lilihusu C:.

Diski ya nje iliyoumbizwa kwa exFAT, mfumo mwingine wa kupanga mafaili, haina kichupo cha Security kabisa, hivyo kwa hiyo ulinzi ni geti peke yake.

## Inaniomba jina na nywila, naweka PIN yangu, inakataa

PIN ni ya kompyuta ile ile uliyoiwekea na haisafiri kwenye mtandao. Inatakiwa nywila ya akaunti iliyopo kwenye kompyuta yenye diski. Kama mwenye kompyuta hiyo anaingia kwa akaunti ya Microsoft, jina ni barua pepe yake na nywila ni ya akaunti hiyo, na huenda hajaiandika tangu siku aliyonunua kompyuta. Akaunti isiyo na nywila nayo itakataliwa: Windows hairuhusu nywila tupu kuingia kwa njia ya mtandao.

Ndiyo maana nasisitiza akaunti ya "familia". Njia ya mkato ya kuzima "Password protected sharing" inazidi kufungwa. Kuanzia toleo la 24H2 la mwaka 2024, Windows 11 Pro kwa kawaida haikubali kuingia kama mgeni asiye na nywila.

## Kompyuta nyingine haionekani kabisa kwenye Network

Usiitegemee orodha hiyo. Mara nyingi kompyuta haimo na bado inafikika. Jaribu anwani yake moja kwa moja: kwenye kompyuta yenye diski fungua Command Prompt, andika ipconfig, soma namba ya IPv4, kisha kwenye ile nyingine andika \\192.168.1.20 au namba yoyote uliyoiona. Ikifunguka, mtandao ni mzima na shida ni ya majina tu.

Isipofunguka, angalia kama zote mbili ziko kwenye Wi-Fi moja. Mtandao wa wageni kwenye ruta umetengenezwa makusudi ili vifaa visionane, na baadhi ya ruta zina kipengele cha kutenganisha vifaa hata kwenye mtandao wa kawaida. Kisha angalia tena kama mtandao ni Private, na kama antivirusi uliyoiweka haina ukuta wake wa moto unaozuia.

Namba hiyo ya IP inaweza kubadilika ruta ikizimwa na kuwashwa. Ukitaka ibaki ile ile, ingia kwenye ruta na uihifadhi kwa ajili ya kompyuta hiyo kwenye sehemu ya DHCP, ile inayogawa namba hizo.

## Mtandaoni wanasema niwashe SMB1. Niwashe?

Usiwashe. SMB1 ni toleo la kale la lugha ile ile. Tarehe 12 Mei 2017 virusi wa kudai fidia (anayefunga mafaili kwa usimbaji na kudai pesa ili ayafungue) aitwaye WannaCry alilipuka duniani kupitia tundu lililokuwemo humo. Hospitali za Uingereza zilikuwa miongoni mwa walioumia sana. Microsoft walikuwa wameshaziba tundu hilo mwezi Machi, lakini kompyuta nyingi hazikuwa zimesasishwa. Mwishoni mwa mwaka huo Windows 10 ikaacha kuisakinisha SMB1 kwa kawaida, na kompyuta zilizosakinishwa upya zikaanza kushindwa kuziona zile za zamani. Ushauri wa "washa SMB1" umetoka hapo, na bado unazunguka.

Wanaoihitaji ni Windows XP, baadhi ya vifaa vya zamani, na baadhi ya ruta zenye tundu la USB zinazotangazwa kwamba zinashea diski. Kama ruta yako ni ya namna hiyo, chomoa diski kwenye ruta uichomeke kwenye kompyuta, na ushee kutoka huko.

## Na HomeGroup je?

Iliondolewa kwenye Windows 10 mwaka 2018. Maelekezo yoyote yanayoitaja ni ya kale.

## Kunakili kunachukua muda mrefu sana

Tafuta sehemu iliyo nyembamba kuliko zote. Kebo yenye kasi ya megabiti 100 kwa sekunde hupitisha megabaiti 11 hivi kwa sekunde. Ya gigabiti hupitisha kama 110. Folda ya gigabaiti 50 itachukua zaidi ya saa moja kwenye ile ya kwanza, na dakika nane hivi kwenye ya pili. Ruta nyingi za bei nafuu zina matundu ya megabiti 100, kwa hiyo kununua kebo nzuri pekee hakutasaidia.

Wi-Fi ina hila yake. Kompyuta zote mbili zikiwa kwenye Wi-Fi ya ruta moja, kila kipande cha faili kinapita hewani mara mbili: kwenda kwenye ruta, kisha kutoka kwenye ruta. Kasi inashuka karibu nusu. Iunganishe kwa kebo kompyuta yenye diski peke yake, na utaona mabadiliko kwa wote. Ukiwa na kazi kubwa ya mara moja, ziunganishe kompyuta mbili kwa kebo moja bila ruta. Za kisasa hazihitaji kebo maalumu ya kuvuka (crossover), na zitajipa zenyewe anwani zinazoanza na 169.254.

Mafaili madogo elfu kumi yatachelewa kuliko faili moja la ukubwa huo huo, kwa sababu kila moja lina maombi yake ya kufungua na kufunga. Picha za miaka kumi zifunge kwenye zip kwanza.

Kutazama tu ni jambo jingine. Filamu ya kawaida haihitaji kasi kubwa. Ikikwama, mara nyingi ni ishara dhaifu ya Wi-Fi chumbani.

## Nina Mac. Diski ni ya NTFS. Nitaweza kuandika?

Ndiyo, na watu wengi hawalitegemei hili. Ukichomeka diski ya NTFS kwenye Mac, utasoma lakini hutaandika. Ikiwa imechomekwa kwenye Windows na kushewa, Windows ndiyo inayoandika, Mac inaomba tu, kwa hiyo NTFS si kikwazo tena. Kwenye Finder fungua Go, kisha Connect to Server, uandike smb://192.168.1.20/Diski_D.

## Simu na televisheni?

Programu ya kucheza video iitwayo VLC kwenye Android inafungua diski zilizoshewa, na kwenye televisheni za Android pia.

## Watu wawili wakifungua faili moja kwa pamoja?

Word na Excel zitamwambia wa pili kwamba faili limefunguliwa na mwingine, naye atasoma tu. Hatari iko kwenye hazina data: programu za hesabu za duka, Access, na mengineyo yanayoandika ndani ya faili moja muda wote. Wi-Fi ikikatika katikati, faili linaweza kuharibika. Microsoft wenyewe hawaungi mkono kuweka faili la barua la Outlook lenye mwisho wa .pst kwenye diski ya mtandao. Kama duka lako linaendeshwa kutoka nyumbani, tumia kebo na programu iliyotengenezwa kwa watumiaji wengi.

Windows ya kawaida inaruhusu vifaa visivyozidi 20 kuunganishwa kwa wakati mmoja. Nyumba haifiki huko.

## Mtoto amefuta folda kutoka kwenye kompyuta yake. Liko Recycle Bin ya nani?

Haliko popote. Kinachofutwa kupitia mtandao hakipiti Recycle Bin, si ya kwake wala ya kompyuta yenye diski. Zima kuandika kwenye diski hiyo mara moja, maana kila kitu kipya kinaweza kukaa juu ya kilichofutwa, kisha ujaribu programu ya kurejesha mafaili. Ndiyo maana nilisema kusoma tu kunatosha.

## Umeme ukikatika?

Kompyuta ya mezani inazimika, na faili lililokuwa linaandikwa linabaki nusu. Laptop ya zamani yenye betri inayoshika hata nusu saa inafaa zaidi kwa kazi hii. Izuie isilale: kwenye mipangilio ya umeme weka Sleep iwe Never ikiwa imechomekwa, na kufunga kifuniko kuwe "Do nothing". Ruta nayo inahitaji umeme. UPS ndogo ya ruta si ghali.

Umeme ukirudi, diski ya nje inaweza kupewa herufi nyingine, na kushea kukapotea kwa sababu kumefungwa kwenye herufi ile ya awali. Ipe kupitia Disk Management herufi ya mbali, kama S:, isiyogombaniwa na flashi.

Kabla hujaamua kuacha kompyuta ya mezani ikiwaka usiku na mchana, piga hesabu. Ikila wati 60, kwa siku 30 ni yuniti 43 za umeme. Nyumba yenye matumizi hayo itafaidi zaidi kifaa kidogo maalumu kama vile vya Synology, au kompyuta ndogo ya Raspberry Pi yenye programu ya OpenMediaVault.

## Virusi wataenea?

Wanaweza. Flashi iliyotoka kuchapisha kazi stationery ndiyo njia yao ya kawaida. Virusi wa kudai fidia wakiingia kwenye kompyuta moja, wataisimba pia ile Z: uliyoiunganisha, ikiwa akaunti ina ruhusa ya kuandika. Kwa hiyo diski iliyoshewa isihesabiwe kuwa nakala ya akiba. Nakala ya akiba ni diski nyingine, inayochomekwa siku ya kunakili na kuchomolewa ikaisha.

## Naweza kuifikia nikiwa kazini?

Usifungue mlango wa 445 (port, namba ambayo SMB hupitia) kwenye ruta kwenda intaneti, hata kwa siku moja. Kuna roboti zinazoutafuta saa zote. Kwa ruta za laini ya simu mara nyingi hata haiwezekani, kwa kuwa kampuni huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Tumia Tailscale au WireGuard, programu za VPN zinazounganisha vifaa vyako kwa njia iliyofungwa, na ukumbuke kwamba hapo bando linaliwa, pande zote mbili.

## Nawezaje kujua ninachoshea sasa hivi, na kukifunga?

Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika net share. Itakuorodheshea kila kitu, pamoja na zile zenye alama ya dola. Kufunga, andika net share Diski_D /delete. Mafaili hayaguswi, kinachoondoka ni njia ya kuingilia tu. Ukiuza kompyuta au kumpa fundi, futa na akaunti ya "familia", na kwenye kompyuta zilizobaki fungua Credential Manager uondoe nywila iliyohifadhiwa.